Kijiba cha Mama Sindano

Mtaani walimwita Mama Sindano, na si kwa sababu ya cherehani peke yake. Ni kweli alikuwa fundi, tena fundi hasa, mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya sokoni na wateja wanaogombania zamu kila muhula wa shule unapokaribia. Lakini waliompa jina hilo walikuwa wamekwisha kuchomwa na ulimi wake. Ukimpelekea kitambaa kibovu, atakwambia ni kibovu, tena mbele za watu. Ukijisifu kwamba umepungua, atachukua futi yake, akuzungushie kiunoni, kisha asome namba kwa sauti ya kumfikia muuza mkaa aliye ng'ambo ya barabara. Watu walinuna, wakacheka, wakarudi, maana nguo aliyoishona yeye ilikaa mwilini.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, mrefu na mwembamba, ambaye nyumbani alijulikana kwa jina la Twiga. Baba yake Twiga na Mama Sindano walikuwa wameachana siku nyingi, na waliachana kwa amani ya nje, ile ya kusalimiana vizuri mbele za watu huku kila mmoja ana lake moyoni. Baba akaoa tena. Mke mpya alikuwa msusi mwenye saluni yake upande wa pili wa mji, mdogo kwa umri, mcheshi, nadhifu, anayenukia hata kabla hajafika mlangoni. Mama Sindano alimpachika jina la Manukato siku ya kwanza alipomtia machoni. Tangu hapo, nyuma yake alimwita Manukato, na mbele yake hakumwita kabisa.

Twiga alikwenda kwa baba yake mwisho wa wiki na wakati wa likizo. Kila aliporudi, mama yake alimpokea begi, akalifungua, akanusa nguo, akazitia zote kwenye beseni la sabuni hata zilizokuwa safi.

Sasa tuje kwenye kifua, maana ndicho kilicholeta maneno yote haya. Twiga alizaliwa na kifua kilichobonyea katikati, kishimo kidogo cha kukaa kidole gumba. Wauguzi wa kliniki walisema akikua kitajaa. Akakua, na hakikujaa. Kadiri alivyorefuka ndivyo mfupa wa kidari ulivyozidi kuzama, hata alipofika darasa la tatu wenzake wakamwita Bakuli. Alirudi nyumbani siku hiyo macho mekundu. Mama yake hakwenda shuleni kuzua vita, jambo la ajabu kwa mwanamke mwenye ulimi ule. Alikaa kwenye cherehani. Alimshonea shati lenye kitambaa cha pili kwa ndani, na kati ya vitambaa viwili akaweka sponji nyembamba, tabaka juu ya tabaka, akazipunguza kingo kwa mkasi mpaka mtu asingeweza kuona sponji inaanzia wapi na kuishia wapi. Twiga akajitazama kwenye kioo. Akageuka huku, akageuka kule, akacheka. Mama naye akaona kazi imekwisha.

Tusimlaumu upesi. Alimfanyia mwanawe kile mikono yake ilichokijua. Miaka ikapita, Twiga akiongezeka urefu anaongezewa na shati, na kishimo kikiongezeka kina, ambacho mama alikipima kwa kupapasa juu ya shati, anaongezewa sponji. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua kipimo cha kifua kile. Twiga mwenyewe hakuvua tena shati mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya aliyelishona. Alioga mlango umefungwa kwa komeo, akalala amevaa. Alipoachwa nyuma kwenye mbio alisema hapendi mbio. Mama Sindano alisema moyoni, ndivyo walivyo watoto wa kiume, wakianza kukua wanajificha. Na kama kuna mahali alipojisikia mama kuliko mama wote wa mtaa ule, ni pale alipoketi anakata sponji ya shati la Twiga.

Likizo moja, nyumbani kwa baba yake, maji yalikatika. Twiga alijitolea kubeba ndoo kutoka bombani. Alibeba, akabeba, kisha akakaa chini ghafla kwenye ngazi ya nyuma, midomo imepauka, hewa inaingia kwa shida. Manukato alikuwa karibu. Akamwambia, "Hebu vua shati upate hewa." Twiga akavua.

Manukato alitazama, akamletea maji ya kunywa. Saluni ni mahali pa kusikia mengi kuliko baraza lolote, na yeye alikwisha kumsikia mteja wake mmoja akisimulia habari za mtoto wa dada yake, mwenye kifua cha namna hiyohiyo, aliyepasuliwa kwa vitundu viwili tu na sasa anacheza mpira. Jioni akazungumza na mumewe. Kabla likizo haijaisha Twiga alikuwa amepelekwa hospitali ya rufaa, amepigwa picha ya kifua, amepuliza kwenye mashine ya kupima pumzi, na moyo wake umetazamwa.

Mama Sindano alipata habari mtoto aliporudi. Twiga hakungoja hata kuweka begi chini.

"Mama, kumbe kinarekebishika!"

"Nini kinarekebishika?"

"Kifua. Wanatoboa hapa na hapa," akaonyesha chini ya makwapa, "wanaingiza kamera ndogo waone ndani. Halafu wanapitisha chuma kilichopinda, kinapita chini ya mfupa huu kutoka upande huu mpaka huu. Kikishapita wanakigeuza, na mfupa unanyanyuka palepale! Hawapasui katikati hata kidogo. Kinakaa humo miaka miwili mitatu, mifupa ikizoea wanakitoa."

"Nani kakwambia hayo?"

"Daktari. Anti ndiye alinipeleka, na baba."

"Ukavua shati?"

"Ndiyo, mama, atapimaje bila kuvua? Anti ndiye aliyeona kwanza. Alisema si kitu cha kuonea haya."

Mama mwingine angepiga vigelegele. Mama Sindano alisikia neno moja tu katika yale yote, anti, na neno hilo lilimwingia rohoni likakaa. Amevua shati mbele ya Manukato! Yeye aliyemzaa, aliyemnyonyesha, aliyekata sponji mpaka vidole vikaota sugu, hajakiona kifua kile kwa macho tangu darasa la tatu. Manukato kaja juzi, kasema neno moja, kavuliwa.

Siku iliyofuata alishona mikono ya sare tatu nyuma mbele. Mteja alipolalamika, Mama Sindano alimwambia mwanao ndiye aliyekaa vibaya.

Angetaka kukataa, na sababu za kukataa alizitafuta. Alimpigia simu baba Twiga, akasema mtoto hajafa na kifua chake, kwa nini achomwe visu? Baba akamjibu taratibu kwamba picha zinaonyesha mfupa umeusukuma moyo pembeni na mapafu hayana nafasi, na kwamba daktari anataka kumwona mama pia. Mwanamke yule alikuwa mkali, lakini mjinga hakuwa, na Twiga aliyekuwa akiachwa nyuma na kila mtu alikuwa akimwona kwa macho yake. Ndiyo maana roho ilimuuma maradufu. Ni nafuu kumwonea kijicho mtu anayekosea. Manukato alikuwa amefanya jema, na jema lenyewe lilikuwa lile ambalo mama mzazi angelifanya miaka mingi nyuma kama angeuliza.

Akaenda hospitali. Alivaa gauni lake bora kuliko yote, lile la kitenge lenye mkunjo wa mgongoni ambao hakuna fundi mwingine wa mtaa ule aliyeweza kuuiga. Walikaa kwenye benchi la korido, baba katikati, wanawake wawili pembeni, Twiga amesimama ukutani. Muuguzi akachungulia mlangoni.

"Mama yake na huyu kijana?"

Wakasimama wote wawili. Muuguzi akatabasamu, akamwonyesha Manukato kwa mkono. "Wewe nakujua, mama. Na huyu ni nani, shangazi?"

Manukato akasema haraka, "Hapana, huyu ndiye mama yake." Lakini neno lilikwisha kutoka. Mama Sindano aliingia chumbani kwa daktari akiwa amelibeba hilo la shangazi, na hakulitua siku hiyo wala wiki ile.

Daktari bingwa alikuwa mwanamume mwenye sauti ya chini na mikono safi sana. Akaeleza yote tena, kisha akatoa kwenye droo chuma cha mfano, chembamba, kirefu kiasi cha rula, kimepinda. Akampa Mama Sindano akishike. Hiki ndicho kinachokaa ndani, akasema, na kinakunjwa kufuata kifua cha mtoto mwenyewe ili kimtoshe. Mama Sindano akakizungusha mikononi. Kumbe na huyu anachukua kipimo! Kipimo cha kifua cha Twiga, ambacho alikuwa nacho yeye peke yake, sasa kilikuwa kwenye mashine za watu.

Na hapo, chuma kikiwa bado mkononi, akakumbuka jambo. Twiga na chuma haviivi. Alipokuwa mdogo alivaa suruali ya kununua yenye kifungo cha chuma, akatoka vipele vya majimaji kitovuni vilivyomsumbua mwezi mzima. Akavaa saa ya kuchezea, mkono ukachubuka. Tangu wakati huo mama yake hakumshonea nguo yenye kifungo cha chuma hata kimoja. Kama kifungo tu kilimfanya vile juu ya ngozi, chuma kirefu namna hii ndani ya mwili kitamfanyaje?

Alifumbua mdomo. Wakati huohuo daktari alikuwa amemgeukia Manukato, anamwuliza kama mazoezi ya pumzi yanaendelea, na Manukato anajibu ndiyo daktari, kila akija kwetu. Mama Sindano akafumba mdomo.

Hapa ndipo mtu mwenye akili zake timamu alipofanya upumbavu, na hakuna namna nzuri ya kuusimulia. Alijiambia, acha waendelee. Wamejifanya wanajua kila kitu. Siku ya mwisho, pale ambapo kila mmoja amejipanga na kujisifu, atasimama yeye na mfuko wa mashati, atasema kuna jambo hapa analolijua mama peke yake. Daktari atashtuka. Muuguzi wa shangazi atashtuka. Na Manukato atajua tofauti ya kuona kifua siku moja na kukilea miaka yote.

Akaishi na siri hiyo, ikampa raha. Alishona huku anaimba. Wateja wakashangaa, wengine wakauliza kama kuna mchumba. Lakini raha yenyewe ilikuwa na mwiba. Alasiri moja alimkuta Twiga uani amekaa wima kwenye kigoda, anavuta pumzi ndefu na kuiachia polepole, mbavu zinahesabika chini ya fulana, anajiandaa kwa moyo wake wote. Mama Sindano alisimama na beseni lake mlangoni. Ingekuwa rahisi kumwambia, baba, mpigie simu baba yako, kuna jambo. Twiga akafumbua macho. "Mama, anti anasema nikipona atanifundisha kuogelea." Mama Sindano akapita na beseni lake, akaanika nguo.

Siku ya kumwona daktari kwa mara ya mwisho ikafika. Alikwenda na mfuko. Alingoja wote wakae, akangoja daktari aulize kama kuna yeyote mwenye swali, ndipo akasimama. Hakuna aliyemwomba asimame.

"Daktari, kuna kitu hapa hamkijui." Akamwaga mashati mezani, juu ya picha za kifua. "Tazama vifungo hivi. Vyote plastiki. Mwanangu hapatani na chuma tangu utotoni. Akikigusa anatoka vipele. Hilo nalijua mimi, mama yake."

Aliketi. Alisubiri kushtuka kwao.

Daktari akachukua shati moja, akaligeuza, akalitazama kwa heshima. "Ni kweli kabisa, mama. Tulimpima ngozi mwanzoni, akaonekana ana mzio. Ndiyo maana chuma chake si kama kile cha mfano. Ni cha titani, hakiwaumizi watu wa namna yake. Hicho hakikunjiki kirahisi chumbani kwetu, kwa hiyo tuliagiza kikiwa kimeshakunjwa kwa kufuata picha zake. Kimekwisha fika."

"Mlimpima? Nani aliwaambia mumpime?"

"Mama huyu. Siku ya kwanza kabisa."

Manukato alikuwa anatazama viatu vyake. Baba Twiga alikohoa. Mama Sindano akayakusanya mashati yake moja moja, na hakuna kazi ndefu kama kukusanya mashati mbele ya watu wanne walionyamaza.

Koridoni Manukato akamfuata. "Dada, samahani. Nilidhani unajua kwamba wanajua."

"Twiga alikwambia?"

"Hapana. Twiga mwenyewe alikwisha sahau. Ni nguo zake. Nilikuwa nafua, nikaona vifungo vyote ni plastiki, mpaka vya kaptula, na zipu umeifunika kwa kitambaa isimguse. Nikajiuliza, fundi kama huyu, akose vifungo vya chuma? Nikajua una sababu yako. Nikamwambia daktari, mama yake kuna kitu anakikwepa, mpimeni."

Ilikuwa nafasi ya kusema asante. Ilikuwa wazi, imefunguliwa mlango, hata mtoto mdogo angeiona. Mama Sindano akasema, "Kwa hiyo mashati yangu unayafua wewe."

"Akija kwetu yanachafuka, dada."

Akampa kisogo, akaondoka na mfuko wake. Njia nzima alichemka. Hata vifungo vyake! Siri aliyoitunza kama mboni ya jicho imesomwa kwenye beseni la kufulia, tena na mtu asiyejua kutunga uzi. Lakini alipofika kibandani na kukaa kwenye cherehani bila kuikanyaga, lilimjia wazo lingine, likamtoa jasho. Kama Manukato asingesema? Yeye alikuwa amenyamaza. Alimtazama mwanawe akivuta pumzi uani, akanyamaza, kwa sababu ya neno anti. Aliogopa sana jinsi alivyoweza kunyamaza. Hofu hiyo haikuuondoa wivu. Vilikaa pamoja ndani yake, vikibanana, na alijichukia kwa kimoja na kumchukia Manukato kwa kingine.

Siku ya upasuaji walikaa tena kwenye benchi. Baba Twiga hakuweza kukaa. Alikwenda mpaka dirishani na kurudi, akasoma kila tangazo ukutani, likiwemo la chanjo ya watoto wachanga. Wanawake wawili walikaa ncha mbili za benchi na begi la Twiga katikati. Mlango ulipofunguka walisimama kwa pamoja, na daktari, mtu mwenye busara, aliongea akitazama katikati yao. Kila kitu kimekwenda sawa. Vitundu viwili, kamera imeona njia vizuri, chuma kimepita bila kuugusa moyo, kimegeuzwa, mfupa umenyanyuka. Kimefungwa kwenye mbavu kisisogee.

Kwenye wodi, taratibu ilikuwa mtu mmoja kitandani kwa wakati. Manukato akasema, "Nenda wewe, dada." Mama Sindano hata hilo lilimchoma. Anagawa zamu, alisema moyoni, kama mwenye wodi! Lakini alikwenda.

Twiga alikuwa amelala chali, mashine inapiga kando yake, shuka jepesi limemfunika mpaka shingoni. Na shuka lilikuwa limelala sawa. Kutoka bega hadi bega hapakuwa na shimo. Mama Sindano alinyoosha mkono, akausimamisha hewani juu ya shuka, hakugusa. Hapakuwa na sponji pale. Alilia kwa furaha, na katikati ya furaha hiyohiyo alijua kwamba hatamshonea tena shati la namna ile, na kwamba mtu mwingine ndiye aliyemwondolea kazi hiyo. Akalia na hilo pia.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Upasuaji wa vitundu vidogo una maumivu makubwa, maana mbavu zilizozoea kuzama zimelazimishwa kusimama. Twiga hakuruhusiwa kujipinda, wala kuinua mikono, wala kunyanyuliwa kwa kushikwa makwapa. Kumkalisha ilibidi umtie mkono mgongoni, umwinue mzima mzima, polepole. Manukato alikuja asubuhi kabla ya kufungua saluni, Mama Sindano mchana na jioni.

Na zamu hizo zikamfungulia kidonda kipya. Wauguzi walimsifu Twiga wa asubuhi. Kijana mwenye adabu, walisema, halalamiki! Siku moja Mama Sindano aliwahi kufika, akajionea mwenyewe kupitia kioo cha mlango. Manukato alikuwa anamkalisha. Twiga alikunja uso, kisha akaukunjua. "Asante, anti. Hapana, siumii. Samahani nakusumbua, anti." Alitabasamu, akashika kikombe mwenyewe, akasema asante tena.

Twiga wa mchana alikuwa mtu mwingine. Mto siyo hivyo, mama. Mbona umechelewa? Maji haya ya moto. Usinitazame hivyo. Mama Sindano alivumilia, akarekebisha mto, akapooza maji, huku ndani kijiba kinamkaba. Tabasamu ni la Manukato, yeye anabakiziwa makapi.

Mchana mmoja mtaalamu wa mazoezi akasema Twiga akae, kisha asimame. Mama Sindano akamtia mkono mgongoni, taratibu kama alivyofundishwa. Alikuwa hajamfikisha nusu.

"Niache!" Twiga alipiga kelele, wodi nzima ikageuka. "Unaniumiza! Hujui hata kuninyanyua! Toka, mama, toka, sitaki!" Alikuwa analia kwa nguvu, makamasi yanamtoka, mtoto mrefu kuliko kitanda chake.

Mtaalamu akamfanyia Mama Sindano ishara apumzike kidogo. Akatoka koridoni. Akamkuta Manukato kwenye benchi, na chupa ya chai aliyoisahau asubuhi na kurudi kuifuata. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa amesikia yote. Naye alikuwa analia.

Hapo Mama Sindano alichoka kabisa. "Wewe unalia nini? Aliyefokewa ni mimi."

"Ndiyo maana nalia, dada."

"Unasemaje?"

Manukato akajifuta kwa kiganja, wanja ukamsambaa shavuni. "Mimi hajawahi kunifokea. Tangu nimjue, hata siku moja. Leo asubuhi nimemkalisha, nimeona machozi yamemjaa, nikamwuliza umeumia? Akasema hapana, anti, asante. Kila kitu asante. Akija nyumbani anaosha sahani yake, anatandika kitanda mpaka naona haya, anaomba ruhusa kufungua friji. Yuko kwangu kama mgeni wa hotelini. Nimempikia, nimempeleka huku na huku, nimefanya yote ninayoyajua." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Yale aliyokwambia wewe sasa hivi, mimi ningeyapata wapi?"

Mama Sindano akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa naye benchi moja bila mtu wala begi katikati. Alimtazama yule mwanamke, pua imevimba, nywele nzuri zimemkaa upande, na akatambua kitu alichokijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa alikuwa amekibeba mwenyewe miezi yote hii. Anaonewa wivu. Yeye! Manukato anamwonea wivu yeye, kwa matusi ya mtoto! Alijua ni vibaya kufurahi na mwenzako analia. Akafurahi. Furaha ilimpanda kutoka tumboni bila hodi, na aliiacha ipande mpaka ilipofika kooni, pale ilipogeuka, ikawa kitu kingine kilichomfanya atoe kitambaa kwenye sidiria yake na kumpa mwenzake ajifute ule wanja.

"Mamaa!" Sauti ilitoka wodini, imekauka, ina hasira. "Mama, uko wapi? Maji! Na hili dirisha nani kafungua?"

Mama Sindano akasimama, akajiweka sawa gauni. Akafika mlangoni, akarudi hatua moja.

"Usilie, mdogo wangu," akasema. "Mpe muda. Atakufokea tu."

Kisha akaingia kufokewa.